Ruzuku na Zulia la Kuazima

Mpaka leo nikiliona lile zulia jekundu damu inanichemka. Ni langu mwenyewe, limetandikwa sebuleni kwangu hapa Chang'ombe, na kila asubuhi nalikanyaga kwa hasira utadhani ndilo lililotunyima ruzuku.

Sie tuna kituo cha kutwa cha watoto wenye utindio wa ubongo. Ni kikundi cha akina mama tu: wengine tuna maduka kama mie, wengine wanauza chapati, mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Asubuhi mama anamleta mwanawe, anakwenda kutafuta riziki, jioni anamchukua. Watoto wengi wanakaa wenyewe na kucheza. Ila wapo wasioweza hata kuinua shingo. Hao wanataka mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mtu wa kuwabeba, kuwageuza na kuwalisha. Mfadhili aliyekuwa akiwalipa watu hao wawili alikuwa anamaliza muda wake. Tukipata ruzuku mpya, watoto wote wanabaki. Tukikosa, wasioweza kukaa tunawarudisha kwao.

Mmoja wao ni binti wa jirani yangu, mama wa Kimakonde anayefua nguo kwenye nyumba za watu. Kabla ya kituo alikuwaga anamfungia ndani kwa kufuli, anakwenda kibaruani roho ikimuuma. Afanyeje? Asipofua hawali. Vyumba vyetu vinapakana, kwa hiyo kilio cha yule mtoto nilikisikia kutwa nzima, mpaka sauti inamkauka. Basi mtu asiniambie ruzuku ni mambo ya makaratasi.

Taasisi inayotoa ruzuku hiyo ni ya hapa hapa, inashindanisha vikundi vya mkoa. Mnapeleka andiko, wanachuja, waliobaki wanatembelewa na wakaguzi wa kutoa alama, halafu kamati inachagua. Rufaa hakuna. Tulipoambiwa tumepita mchujo, tulipiga vigelegele mpaka watoto wakashtuka.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Si unajua kwetu mgeni akija? Hata kama umelala na njaa, utaazima sukari umtilie kwenye chai, na hatajua. Huko ndiko kujisitiri, tumelelewa hivyo. Kwenye kikao nikasema, "Jamani, hawa hawaji kula pilau, wanakuja kuona shida. Tuiache waione!"

Mwenyekiti akanikata jicho. "Mwenzangu, aibu ya nyumba haianikwi barazani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiwapokea kwa heshima watatupa."

Wote wakaitikia. Nikabishana weee, nikaambiwa nina mdomo, na zaidi ya hapo nitoe zulia langu, maana ndilo zuri. Mmoja akatoa makochi, mwingine mapazia, feni tukaazima msikitini. Paa linalovuja likazibwa na karatasi ya dari, ikapakwa rangi.

Jambo moja hawakuniambia. Siku ya ukaguzi nilipoingia nikatazama ile kona ya magodoro wanakolazwa watoto wasioweza kukaa. Magodoro hayapo, watoto hawapo, zulia langu limetandikwa pale. Kumbe mwenyekiti alipita kwa mama zao jioni iliyotangulia, jirani yangu akiwemo, akawaambia, "Mwanangu, kesho mtoto abaki nyumbani. Anatoka udenda, anapiga kelele, asije akawatia wageni simanzi."

Astaghfirullah! Kabla sijapata hata pumzi ya kumgombeza, gari likasimama nje.

Walikuwa kijana wa kiume na wa kike, wana adabu zao, shikamoo kwa kila mtu. Wakala pilau, wakasifu mapazia. Yule dada akauliza, "Wenye hali ngumu zaidi wako wapi?" Mwenyekiti akawahi kujibu, "Ndio hawa hawa, mwanangu. Tunamshukuru Mungu." Nikafungua mdomo, nikatumwa maji ya kunawa.

Nikawafuata mpaka garini. "Mwanangu, wapo wengine. Wamefichwa. Nifuateni, ni hapo nyuma tu, hatua chache."

Yule dada akaitazama saa yake. "Mama, tunajaza tulichokikuta kituoni. Tuna vikundi vingine Ukonga na Kibamba leo hii hii." Akafunga mlango taratibu. Laiti angeubamiza, ningepata pa kuanzia ugomvi.

Majibu yakaja: tumekosa. Kituo chetu kinaonekana kinajimudu. Kinajimudu! Kwa feni ya msikiti na makochi ya watu! Nikamwambia mwenyekiti yote yaliyokuwa rohoni, mbele ya watu, umri wake nikausahau. Akalia. Wala sikumwonea huruma.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa ile taasisi. Nikamwambia ofisa, "Njooni tena, bila taarifa, bila hodi. Hata leo."

"Mama yangu, utaratibu hauruhusu ziara ya pili. Tukifanya kwenu, wengine watalalamika."

"Nyie mnatoa taarifa wiki nzima kabla, kwa watu waliofundwa kumfichia mgeni shida, halafu mnajiita wakaguzi? Huo si ukaguzi, ni ugeni!"

Mlinzi akaitwa. Akanishika mkono kwa upole, "Mama, twende," nikatoka.

Ilibaki kumwambia jirani yangu. Nilikwenda na mwenyekiti, maana nilimwambia hili hanitumi mie peke yangu. Tulimkuta uani anasuuza mashuka ya watu, binti kalala kwenye mkeka pembeni yake, anacheka na jua. Mwenyekiti akaanza maneno mengi: tumejitahidi, Mungu hamtupi mja wake, kuanzia mwezi ujao hatutaweza kumpokea.

Jirani yangu akalikamua shuka mpaka tone la mwisho, akalianika, akajifuta mikono kwenye khanga. Hakupandisha sauti.

"Mnahangaika bure kunieleza," akasema. "Siku ile ya wageni mlinionyesha pa kumweka. Kufuli ninalo."