Mama Aliyekosekana Kwenye Kanda

Kalunde alipoacha kazi katika studio moja ya Nairobi mwaka wa 1997, alitaka kujiajiri ili apate kupumua. Alinunua deki mbili za video na televisheni kuukuu, akakodi chumba nyuma ya duka la mbao Kitengela, akaanza kuhariri kanda za harusi na mazishi. Saning'o, mpiga picha wa Kisaju, alirekodi. Kalunde akakata na kuunganisha.

Kupumua kwenyewe hakukuja. Aliogopa kwamba akimkataa mteja mmoja, wengine watapotea. Akakubali kila kitu: harusi za Ngong, ubatizo, mazishi ya Kimana ambayo vilio vyake vilimfuata hadi mezani. Mgongo ukamuuma, macho yakawa mekundu. Na kwa kuwa kanda mpya zilikuwa ghali, kazi ikiisha alimrudishia Saning'o kanda ileile arekodi juu yake.

Desemba ya 2001 ilijaa harusi. Mwezi uliofuata Phylis, mwalimu wa shule ya msingi, aliingia ameshika kanda yake. Hakuketi.

"Kalunde, huyu mama anaongea kwa harusi yangu ni nani?"

Kalunde akaitia kanda kwenye deki. Phylis na mumewe Ondiek walikuwa wakikata keki. Halafu akasimama mwanamke mwenye kilemba cha kijani, akiwashauri maharusi kwa Kikamba. Kalunde alimtambua. Alikuwa mama wa bibi harusi mwingine.

"Na mama yangu ako wapi?"

Kalunde akatafuta kanda ya kwanza, ile Saning'o aliyorekodia harusi. Ndani yake sasa kulikuwa na mazishi.

"Amefutika," akasema. "Nilichanganya kanda, mwalimu. Nilikuwa nimechoka."

"Alitoka Siaya miguu ikiwa imevimba. Akasimama akaongea mbele ya wakwe. Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka."

Kalunde akaizima deki. Aliomba jambo moja: mama akija tena, yeye Kalunde aitwe.

Mama yake Phylis alikuja Pasaka. Kalunde na Saning'o wakaenda nyumbani kwa Phylis na kamera, wakamketisha kwenye kochi.

"Mama, tunaomba useme tena yale ulisema siku ya harusi," Kalunde akamwambia.

"Yale nilishasahau. Siku ile nilikuwa na furaha, nikasema mengi. Leo nitasema kidogo." Akamgeukia mkwewe. "Ondiek, huyu akikasirika hunyamaza. Usimwache na hiyo kimya yake. Ongea na yeye."

Phylis aliinuka akaenda jikoni.

Kalunde aliyaweka maneno hayo baada ya keki. Hakukuwa na namna ya kuficha: kutoka kwenye hema lenye maua, ghafla kochi na kalenda ukutani. Phylis aliitazama kanda yote, akasema, "Sawa," akaondoka nayo. Hakuleta kazi nyingine tena.

Tangu hapo Kalunde akawa anachukua kazi moja kwa wakati. "Niko na ya mtu mkononi," aliwaambia wateja. "Kama unaweza kungoja, ngoja." Wengi hawakungoja. Saning'o alilalamika, akatafuta wahariri wengine, ingawa mara kwa mara alirudi. Miezi mingine ilipita na ubatizo mmoja tu, na Kalunde akauza sukuma wiki mbele ya duka la mbao.

Kufikia 2006 alikuwa na kompyuta, na waliokubali kungoja walimtosha kulipia chumba. Mgongo haukupona. Jumapili akitoka kanisani alivua viatu, akafunga pazia, akalala mchana kutwa.