Koleta Wawili wa Ofisi ya Asali

Asubuhi hii mjini Tabora, Dafrosa Luhende hajanywa hata chai. Amesimama nyuma ya karani katika ofisi ya ushirika wa wafugaji nyuki, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kinasema asali ya Ipole ina maji mengi, haifai. Nje, lori la mnunuzi limeshaanza kupakia asali ya vijiji vingine.

Wafugaji wawili waliosafiri na mapipa ya asali ya Ipole wanamtazama. Dafrosa ni mtoto wa Ipole. Pipa moja ni la mama yake, Getruda.

“Asali ndiyo iliyonisomesha mpaka stashahada,” anasema. “Naijua. Hii haina maji.”

Yeye ndiye fundi wa mtandao wa ofisi. Anaangalia tarehe: vipimo ni vya msimu uliopita. Kompyuta ya karani imeulizia kwa Koleta, ikaelekezwa nyumba siyo.

Koleta ni kompyuta kuu inayotunza vipimo. Ile ya awali ilipewa jina la marehemu mtunza ghala wa kwanza wa ushirika. Ilipochoka na mpya kununuliwa, wafanyakazi hawakukubali jina lipotee. Mpya ikarithi, kama mjukuu anavyorithi jina la bibi. Ile ya zamani ikazimwa, ikasukumwa stoo.

Jana Shomari, mtunza ghala wa sasa, aliiwasha atafute kumbukumbu fulani. Ilipoamka ikajitambulisha kwenye mtandao kwa jina lake lile lile. Mtambo unaotunza majina na namba za kompyuta ukaiamini, ukaweka namba yake mahali pa ile ya mpya.

“Nilidhani imeshakufa,” Shomari anasema. “Kumbe ikiitwa inaitika.”

Meneja, Emilian, anataka ichomolewe tu umeme kabla lori halijaondoka.

“Ukiichomoa tu, bosi, hizi nyingine zitaendelea kubisha hodi kwa marehemu,” Dafrosa anamjibu.

Anaipa ya zamani jina jingine: Bibi. Anairudishia Koleta mpya namba yake. Kisha anapita meza kwa meza, akifuta namba ya jana kwenye kumbukumbu ya kila kompyuta. Si kazi ya kupigiwa makofi. Mshahara ni laki tano, watoto wawili anawalea peke yake, na simu ya ofisi humfuata hadi kanisani.

Karani anafungua upya. Asali ya Ipole: inafaa. Mfugaji mmoja anatoka mbio kumzuia dereva.

Lori likishaondoka, Dafrosa anapiga simu nyumbani.

“Shikamoo mama. Pipa lako limepakiwa.”

“Marahaba. Umekula?”

Hajala.

Misimu minne sasa hajarina asali na mama yake. Kila akifika Ipole, ofisi humwita arudi. Ndiyo maana mchana huu amemketisha Shomari mbele ya kompyuta, anamwonyesha jinsi ya kuita jina na kuangalia ni namba ipi inayoitika.

“Akishika hili, msimu ujao niko porini na mama,” anasema. “Na simu namwachia yeye.”