Vyumba Vitatu vya Ngoliba

Kwa miaka sita Naliaka, fundi wa kushona yunifomu za shule, aliishi Gitothua, mtaa wa mji wa Ruiru, na mumewe Philip na binti yao Dorine katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Landlodi alipopandisha kodi mara ya pili mwaka huohuo, Philip, aliyekuwa mlinzi wa ghala mjini Thika, alikuja na habari za Ngoliba, mashambani nje ya Thika. Kwa nusu ya kodi ile wangepata vyumba vitatu na uwanja wa kufugia kuku.

"Na Dorine akishikwa na kifua?" Naliaka aliuliza. Mtoto alikuwa na pumu.

"Si hapa ndiyo inamshika, Mama Dorine? Angalia ukuta ulivyo na unyevu. Kule kuna hewa."

Walihama Januari, wakanunua kuku ambao Dorine aliwalisha kila asubuhi. Mwanzoni ilionekana Philip alisema kweli, maana Dorine alilala wiki tatu bila kukohoa. Kisha upepo wa Februari ukaanza kuinua vumbi la mashamba.

Jumamosi moja saa nne asubuhi, Naliaka alimkuta mtoto ameketi mlangoni, mikono magotini, akivuta pumzi kwa mabega. Alimwekea inhela mdomoni, akabonyeza mara mbili, mara tatu. Haikusaidia. Midomo ya Dorine ilikuwa imeanza kuwa rangi ya majivu.

Akamfunga mgongoni kwa leso, akakimbia hadi kwenye zahanati ndogo kando ya barabara. Nesi alimpima kifua, kisha akamtazama Naliaka, na yale macho yakamtisha kuliko chochote.

"Mashine ya dawa ya kuvuta iko, lakini stima imepotea tangu jana. Mpeleke Thika. Saa hii."

Nje, jirani yao Gachau alikuwa akipakia tikiti maji kwenye pikapu.

"Ngai! Ingia, mama, ingia!" alisema, akayaacha matikiti mengine chini.

Njiani Naliaka alishika kifua cha mwanawe. Kila pumzi ilipochelewa alimtikisa.

"Dorine, niambie jina la mwalimu wako."

Mtoto alifungua mdomo, sauti haikutoka. Naliaka akaanza kuomba kwa Kibukusu, kwa sauti kubwa. Barabara ilikuwa haiishi. Gachau alikanyaga mafuta tu.

Hospitalini walimvisha Dorine barakoa ya dawa. Karibu saa nzima ilipita kabla ya rangi kurudi midomoni. Akasema, "Maji." Naliaka alikaa chini pale koridoni.

Philip, aliyepigiwa simu na Gachau, alimkuta hapohapo.

"Turudi Ruiru," alisema.

"Kwa ule unyevu? Daktari amesema unamdhuru kama vumbi tu."

"Sasa twende wapi?"

Kutafuta nyumba kulichukua majuma mawili, na katika majuma hayo Naliaka hakushona wala kulala vizuri. Mwishowe walipata chumba orofa ya tatu mjini Thika, kikavu, kidogo kuliko kile cha Gitothua, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitalini. Kuku waliuzwa ili kulipa depositi. Dorine alilia siku nzima.

Kodi ya hapo inawabana vibaya. Kila mwisho wa mwezi Naliaka huogopa kufukuzwa. Lakini hofu hiyo, anasema, anaiweza.