Nilijaribu Mlango Nikiwa Ndani

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba mimi sinywi pombe, na siku hiyo tumboni nilikuwa na chai na mandazi mawili tu. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Mke wangu hataki niyasimulie kanisani, ati watu wataanza kuniombea kila Jumapili. Basi nakusimulia wewe.

Kazi yangu ni vitasa vya magari. Ufunguo umekatikia ndani, mlango umegoma, kifuniko cha tangi la mafuta kimekwama, unaniita. Niko Mwingi, na huku Kitui kazi haiishi kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya ukaidi wa watu wetu. Kitasa kikianza kukwaruza, mtu anachukua mafuta ya kupikia, yale yale ya chapati, anakimiminia. Vumbi linanasa kwenye mafuta, na baada ya mwezi kitasa kimejaa udongo. Nimesema mpaka nimechoka, hawasikii!

Sasa shika jambo moja kuhusu kazi hii, maana ndilo lililoniponza. Fundi wa vitasa akimaliza haondoki hivi hivi. Anaingia ndani ya gari, anafunga mlango, halafu anaufungua kwa ndani. Ukifunguka, ndipo anasema kazi imekwisha. Nilifundishwa hivyo na sijawahi kuacha.

Saa nne asubuhi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole sana, ikasema gari lake limekwama mbele ya soko la Nuu, mlango haufunguki na kifuniko cha tangi hakitoki. Nilipanda pikipiki nikaenda. Yule kijana wa pikipiki akaniteremsha, akageuza, akaenda zake.

Gari lilikuwa jeupe, la zamani, limeegeshwa pembeni mwa vichaka vya migunga. Mwanamume alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, vioo vyote vimepandishwa. Jua lile unalijua? Nilipogusa boneti niliondoa mkono haraka. Lakini yeye hakuwa na tone la jasho.

"Mzee, utaiva humo," nikamwambia. "Shusha kioo."

"Vimekataa," akanijibu kupitia kioo. "Anza na kifuniko, fundi. Bila hicho mlango haukubali."

Lini umesikia mlango wa gari unasubiri kifuniko cha tangi? Lakini mwenye gari ndiye amesema. Nikaingiza waya, nikakizungusha, kikaachia. Hapakutoka harufu ya petroli. Kilichotoka ni pumzi, ndefu na ya baridi, kama mtu aliyetua mzigo. Niamini, ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo. Badala yake nilifuta mikono kwenye suruali nikaenda kwenye mlango.

Ulifunguka upesi kuliko nilivyotarajia. Mzee akatoka, akajinyoosha polepole, magoti yakalia. Akaangalia mbingu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Jaribu kwa ndani."

Ningejaribu hata kama asingeniambia. Nikaingia, nikavuta mlango, ukajifunga. Nikashika mkono wa kufungulia. Ukazunguka bure, haukushika chochote. Nikarukia mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Vioo pia vilikataa.

"Mzee, nifungulie!"

Alikaribia kioo. Sikuona uovu usoni mwake, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. "Siwezi," akasema. "Mimi pia ni fundi. Niliitwa hivyo hivyo. Hii gari inafunguliwa na fundi tu, na akishaingia kujaribu, ni yeye anabaki. Ita mwingine. Ita mwenye anajaribu kwa ndani." Akasema pole. Akaenda kwa barabara ya Nuu, nikapiga kioo nikimwita, na hakugeuka hata mara moja.

Nilitoa nyundo. Niliipiga kwenye kioo kwa nguvu zangu zote, na ilisikika kama naipiga kwenye gunia la mahindi. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Mwanamke alipita na punda wawili wamebeba mitungi ya maji. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na yeye akapita akiimba wimbo wa kanisani. Punda mmoja tu ndiye aliyesimama akanitazama, akachapwa, akaenda. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kwa sauti.

Nilipopunguza kulia niliona mikwaruzo kuzunguka ule mkono wa mlango. Mingine ya waya, mingine ya bisibisi, mingine ya kitu kama kucha. Mtu wa kazi yangu anasoma mikwaruzo. Ile haikuwa ya mtu mmoja.

Simu ilikuwa na mtandao. Nikampigia mke wangu, akapokea, akasema "Halo? Halo? Nasikia upepo tu," akakata. Nikampigia pasta, ikawa hivyo hivyo. Nikajua ni fundi tu atakayenisikia. Na fundi ninayemjua vizuri ni Kioko, ambaye tumekaa naye kibanda kimoja miaka kumi na moja, tukila sahani moja ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Ana watoto wanne. Nikampigia, akapokea.

"Baba Mumbua, uko wapi wewe?"

"Mbele ya Nuu. Kuna gari imenilemea. Kuja na vyombo."

"Lock gani hiyo inakulemea wewe?" Akacheka. "Haya, nakuja."

Nilimwambia ukweli? Sikumwambia. Nilijiambia nitamwonya nikishatoka. Kwa saa tatu, nikipikika mle ndani, nilikariri neno moja tu: usiingie.

Kioko alifika jua likianza kushuka, akatania kwamba leo fundi amefungiwa na kazi yake. Kifuniko cha tangi nilikuwa nimekiacha wazi, kwa hiyo akazungusha waya mara mbili tu, mlango ukaachia. Nilitoka nikaanguka kwenye vumbi. Hewa ilikuwa tamu, ndugu yangu. Nikamsikia akisema, "Ngoja nijaribu kwa ndani."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, nililihisi kwenye ulimi. Nikaufunga mdomo. Kioko akaingia, akavuta mlango, na mimi nikasimama nikaanza kutembea kuelekea Nuu.

"Baba Mumbua!" akaita. Sikugeuka. Akaita tena. Sikugeuka. Na nikueleze kitu ambacho sijamweleza mke wangu: nilikuwa na furaha.

Mara ya tatu sauti yake haikupitia kwenye kioo. Nilipogeuka, Kioko alikuwa amesimama nje. Alikuwa amechomeka bisibisi kati ya mlango na fremu kabla ya kuvuta. Hufanya hivyo siku zote, tangu alipowahi kujifungia ndani ya lori kule Kikima, na mimi humcheka kwa uoga huo. Bisibisi ilikuwa imepinda kama ndoano. Nyuma yake mlango ukajivuta polepole, peke yake, ukajifunga.

"Hii gari ni mbaya," akasema. "Twende." Tukatembea mpaka Nuu.

Siku hizi silali mlango ukiwa umefungwa. Kuku wanaingia chumbani, mke wangu analalamika, sijali. Chooni naegemeza jiwe. Hayo nimeyazoea. Lakini Kioko hajawahi kuniuliza kwa nini sikugeuka. Bado tunakaa kibanda kimoja, ananisalimia, anacheka na wateja. Kuingia kwenye gari nikiwa nimeshika mlango, hakubali tena. Hujifanya anatafuta chombo, anangoja niondoke.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi hii, jaribu mlango miguu yako ikiwa chini. Ukipigiwa simu uende kufungua gari porini, uliza aliye ndani ni nani. Na kama anayekupigia ni rafiki yako, hata kama ni mimi, niulize kwanza niko nje ama niko ndani. Nikisita kujibu, usije.