Adui Aliyetaka Kuzima Jua

Kurasa za kwanza za vibonzo nilizosoma zilikuwa na mafuta. Mama aliuza mandazi Mashimoni, kule Kibera, na karatasi za kufungia alizinunua kwa kilo: magazeti makuukuu, madaftari ya shule, na mara moja furushi zima la vitabu vya vibonzo vilivyochanika. Nilikuwa nachagua zangu kabla hazijafika kwenye beseni. Sikuwahi kupata hadithi nzima. Nilipata mwanzo wa hii na katikati ya ile, na mwisho uliondoka na mteja. Lakini adui nilimfahamu hata kwa ukurasa mmoja. Alivaa joho la kijani, alikuwa na meno mengi mno, na alitaka kuzima jua. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza. Alicheka, akasema atazima jua, basi.

Miaka mingi baadaye nilimkuta ndani ya filamu na karibu nisimtambue. Joho halikuwepo. Alivaa koti la kazi lenye mfuko uliochanika, na hakucheka hata mara moja. Sasa alikuwa fundi wa umeme ambaye mtaa wake ulikatiwa taa ili majumba ya ng'ambo ya mto yawake usiku kucha. Siku hizi ndivyo wanavyofanya. Wanamchukua adui wa zamani, wanamvua joho, wanamtafutia utoto na kidonda, na ukimaliza kutazama hujui umpigie nani makofi. Niliitazama filamu hiyo mara tisa kwa wiki moja. Nakiri haikuwa mapenzi ya kawaida. Nilikuwa nashika kitu kama mtu anayezama.

Mimi nilitaka kuwa DJ wa filamu. Katika vibanda vya video vya mitaa yetu, filamu ni za kigeni, kwa hiyo mtu hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti akawasemea wahusika wote kwa Kiswahili na Sheng, mzee na mtoto, bunduki na mbwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa simu na blanketi: asubuhi majirani wakishaenda kazini, nilijifunika kichwa ili mwangwi wa mabati usiingie, nikajirekodi, nikasikiliza, nikafuta, nikajirekodi tena. Kosa dogo lilininyima hamu ya chakula. Mama alikuwa akisimama mlangoni akinitazama nikitoa jasho humo ndani, kisha anarudi kwenye beseni lake.

Kisha tukasikia kwamba kibanda kimoja Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, kilikuwa kimeachwa na DJ wake. Mwenye kibanda alikuwa mzee wa pale pale, mwenye ploti mbili na sauti ya mtu asiyerudia jambo. Nilienda kumwona.

"Kijana, Jumamosi saa nane," aliniambia. "Watu wakikaa mpaka mwisho, kiti ni chako. Wakitoka, usirudi hapa kuniuliza kwa nini."

Mama naye alikuwa na lake. "Ukikosa hiyo, Jumatatu unaenda mjengo kubeba mchanga na mjomba wako. Nimechoka kulisha mtu anayeongea na blanketi."

Nikachagua filamu ya mtu wa jua. Ningekuwa na akili ningechagua ya ngumi.

Kila DJ huazima sauti mtaani. Mlinzi wa lango anakuwa mfalme, kasisi anakuwa jambazi, na watazamaji hufurahi kubahatisha nani ameazimwa. Stering, yaani shujaa wa filamu, nilimpata mara moja, nikampa sauti ya kondakta mmoja mwenye majivuno. Adui alinikataa. Nilirekodi mara thelathini na moja. Sauti nzito ilimfanya jini. Sauti nyembamba ilimfanya mwizi wa kuku. Mara ya thelathini na mbili nilikohoa kidogo kabla ya neno, kwa uchovu tu, na chini ya lile blanketi nikamsikia baba yangu.

Baba aliondoka nikiwa na miaka tisa. Alikuwa na sauti ya chini, ya polepole, na kabla ya neno zito alisafisha koo kama anayeomba ruhusa. Sikujua kwamba bado ninayo. Nikabonyeza kitufe na kuendelea, kwa sababu ilikuwa sauti sahihi, na mimi kitu kikishakuwa sahihi siwezi kukiacha.

Kuna mahali kwenye filamu hiyo ambapo adui anakutana na binti aliyemtelekeza akiwa mdogo. Anamwambia maneno machache tu, kwamba alimwacha ili aishi, halafu anageuka kutazama dirisha. Mgongo unabaki kwenye kioo cha televisheni muda mrefu. DJ hupenda mgongo. Midomo isipoonekana unaweza kumwaga maneno yoyote unayotaka. Nikamwandikia ukurasa mzima. Niliandika, nikakata, nikaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Kila sababu ambayo mtu anaweza kuwa nayo ya kuondoka asubuhi na asirudi, niliitia humo.

Jumamosi nilitembea kutoka Kibera hadi Kawangware, karatasi ikiwa mfukoni, nikiogopa kupanda gari lolote nisije nikaongeleshwa nikapoteza sauti. Kibanda kilijaa. Mabenchi yalijaa, na waliokosa nafasi walisimama ukutani. Mzee aliketi karibu na mashine, mikono kifuani.

Dakika tano hazijaisha, mtu akapaza sauti: "DJ, tuonyeshe adui!"

Hiyo ndiyo sheria ya vibanda. Stering aonyeshwe, adui aonyeshwe, mtu ajue pa kuweka moyo wake.

"Ngojeni," nikasema kwenye kipaza sauti. "Huyu wa leo atawasumbua."

"Atusumbue sisi? Buda, sisi tumetoka kusumbuliwa huko nje!"

Walicheka. Lakini ilipofika mahali mtaa wa yule fundi unazimwa taa, na yeye amesimama njiani na bisibisi mkononi, waliosimama ukutani walisogea mbele. Halafu mama mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti, "Huyo si adui. Huyo ni jirani."

"Azime jua! Tukae giza sote!" akajibu mwingine, na watu wakapiga makofi. Nilimwona mzee akifungua mikono yake. Wangekaa mpaka mwisho. Nilijua. Kwa muda wa kama robo saa maishani mwangu sikuwa na hofu yoyote.

Ikafika sehemu ya binti. Adui akageuka dirishani. Nikafungua karatasi, nikasafisha koo kama baba, na nikasema, "Mwanangu."

Mlango ulifunguka, mwanga wa mchana ukaingia, na ndani ya mwanga huo alikuwa mama yangu, bado na aproni yake ya mandazi. Sikuwa nimemwalika. Alikuwa amesimama nusu ndani, akinitafuta kwa macho, na aliposikia neno hilo aliinua kichwa upesi, kama mtu aliyeitwa jina. Ningenyamaza hapo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeikariri karatasi.

"Haikuwa kwamba sikuwapenda. Mama yako alijua."

Niliuona uso wake. Sitauelezea. Ukurasa uliobaki ulikuwa mbele yangu, mistari ishirini na zaidi, na sikuweza kusoma hata herufi moja. Kwenye kioo adui aliendelea kutazama dirisha, mgongo wake umejaa televisheni nzima, bila neno.

"DJ! Bando imeisha?"

"Ebu ongea! Alijua nini?"

"Alijua nini, DJ?"

Binti alianza kulia kwenye kioo na mimi sikulia kwa niaba yake. Stering akaingia akivunja mlango na mlango wangu haukutoa sauti. Watu walianza kuinuka, kwanza wa ukutani, kisha benchi zima. Mzee alikuja akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, jinsi unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaweka mechi ya mpira. Hakunitazama.

Mama alikuwa akinisubiri nje, kando ya muuza makaa.

"Nilijua nini?" akauliza.

"Ilikuwa ni filamu, mathe."

"Sauti ninaifahamu. Nimekuuliza, nilijua nini?"

Tulitembea kidogo. Aliongea akitazama mbele.

"Asubuhi hiyo alinawa uso. Akakunja taulo vizuri. Akachukua redio, akatoka. Hakuwa na hasira, hakuwa na ugomvi na mtu. Hakusema kitu. Mimi nimetafuta sababu miaka hii yote, nikajilaumu mpaka kwa chumvi ya mboga. Wewe umeipata ndani ya blanketi."

Nilitaka kumwomba msamaha lakini koo lilijisafisha lenyewe, kwa namna ile ile ya baba, na nikaogopa kufungua mdomo. Nilikuwa nikimfikiria yule wa joho la kijani, kwenye karatasi yenye mafuta, aliyetaka kuzima jua bila sababu. Nilikuwa nimemdharau. Nilimwona kama kazi ya mchoraji mvivu.

Jumatatu nilikwenda mjengo. Mjomba alinipa karai na kunionyesha mchanga. Saa ya chai, kijana mmoja wa kuchanganya saruji alinikazia macho.

"Maze, si ni wewe ule DJ wa Jumamosi? Mimi nilikuwa benchi ya pili. Umetuumiza. Yule adui alikuwa amwambie nini binti yake?"

Wenzake wakageuka kusikiliza. Karatasi ilikuwa bado mfukoni mwa suruali, imelowa jasho. Walikuwa wanane, wamekaa juu ya mawe, vikombe mkononi, wakinisubiri. Kibanda kizima kingine.

"Hakumwambia kitu," nikasema. "Alichukua redio akatoka."

Yule kijana akakunja uso. "Redio? Redio gani? Mimi sikuona redio hapo."

Mjomba aliita mchanga. Nikainua karai.