Sikuwa Sur

Nakumbuka siku moja mjini Ibra, nimejilaza chumba cha nyuma mchana kweupe, huku mama yangu akimwambia mgeni kwamba niko Sur, mji wa mbali pwani, nimepata kazi nzuri.

Mwanangu, ukiliona duka langu la viyoyozi hapa Samail, Oman, magari yenye jina langu ubavuni na diploma yangu ya ufundi ukutani, usidhani nilizaliwa hivi. Diploma hiyo nilikuja nayo kutoka Tabora, na nilikuwa wa kwanza darasani, waulize. Lakini tulipohamia huku, Kiarabu changu kiliwachekesha watu, kazi sikupata, moyo ukaingia giza. Nikaanza vidonge vya usingizi. Mwanzo nilimeza nipate kulala. Baadaye, nikivikosa, mikono ilitetemeka. Kuoga niliacha, hata kusali. Mama akaona haya, akanihamishia Sur kwa maneno.

Mgeni alikuwa Ami Salum, jirani yetu. Akanywa kahawa, akauliza, "Fundi wetu hajambo huko Sur?"

"Hajambo, alhamdulillah," mama akajibu.

Bibi yangu akaweka kikombe chini. "Sur ipi? Yuko nyuma ya ukuta huu, anatusikia. Mgonjwa, vidonge vimemshika. Salum, wewe una gari. Tupeleke hospitali."

Nilitamani ukuta uniangukie. Kisha nikamsikia Ami Salum, sauti chini: "Bibi, na yule wangu niliyesema anasoma Maskati... naye yuko chumbani."

"Basi mlete. Gari si lina kiti cha nyuma?"

Tukakaa mimi na Nasor, mwanawe, hatutazamani. Tulipofika Bidbid, njiani, akaninong'oneza, "Sur kulikuwaje?"

"Joto," nikamwambia. "Maskati je?"

Tukacheka mpaka bibi akageuka.

Daktari alivipunguza vidonge kidogo kidogo. Nilianguka tena, nikarudi tena kwake. Nasor leo ni mshirika wangu dukani, ingawa mahesabu bado namshinda.

Basi mwanangu, giza la moyo ni ugonjwa, na ulevi wa vidonge ni ugonjwa. Usijitibu peke yako, wala usiviache ghafla bila daktari. Mwambie mtu mmoja ulipo hasa. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimpeleke Sur.

Mungu akupe mtu wa kutaja ulipo, na gari lenye nafasi ya mwenzako.