Ng'ombe wa Steringi

Simu iliingia saa nne asubuhi, Jumatatu, nikiwa namjazia mwanafunzi mmoja wa chuo muvi kwenye flashi. Nilipoona jina la mpigaji nikatoka nje ya duka, maana ndani alikuwamo baba yangu, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na friji ya soda. Na aliyepiga ndiye mtu ambaye baba alikuwa anakwenda kumwita mwizi mbele ya kijiji kizima, siku mbili zijazo.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema. Haikutoka moyoni.

"Marahaba, mwanangu. Sitaki maneno mengi. Kabla ya Jumatano, nakuomba umpime baba yako macho."

"Macho yake yana nini?"

"Mimi nikisema, watu watasema najitetea. Wewe ni mwanawe. Mpime tu."

Nikamkatia simu. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai, na siku hiyo niliona nina haki. Mtu anatuhumiwa wizi wa ng'ombe, badala ya kujibu ya ng'ombe anajibu ya macho ya mwenzake. Nikarudi ndani, yule mwanafunzi akaniuliza bei, nikamjibu kwa ukali mpaka akaniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya.

Baba mdogo huyo hatukuwa na damu naye. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, kijijini kwetu mbele ya Mvumi, na wamechunga pamoja mpaka mvi zimewaota pamoja. Baba alipougua kwa muda mrefu, ni yeye aliyechukua ng'ombe wetu wote akawaweka katika zizi lake. Alipowarudisha, hapakupungua hata mkia mmoja. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba nyumba yetu ilisimama kwa sababu ya yule mzee.

Halafu kiangazi hiki mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akapotea. Mwekundu, mwenye paji jeupe, ana kengele shingoni. Wa aina hiyo kwetu wako tele, na huyu hakuwa amevalishwa hereni ya sikioni. Miezi mitatu ikapita. Siku moja baba akarudi kutoka lamboni, kule ng'ombe wanakonywea, akasema amemwona mtamba wake katikati ya ng'ombe wa rafiki yake. "Nimemwona kwa macho yangu haya," alisema, na hakuna aliyembishia. Baba akiona ndama mara moja, miaka kumi baadaye atakuambia mama yake alikuwa nani. Yule mzee akasema mtamba ni wake, amezaliwa zizini kwake. Mwenyekiti wa kijiji akapanga siku ya baraza. Ng'ombe aletwe, baba amtazame, aseme. Akisema ni wake, basi, maana nani mwingine angejua? Na kwetu mwizi wa ng'ombe, hata kama polisi hawakumchukua, hana kijiji tena.

Baba alikuja kwangu mjini, Chang'ombe, kusubiri siku hiyo. Alisema hawezi kulala jirani na mwizi.

Ningeweza kuyasahau maneno ya simu ile, lakini kila nilichokiona baada ya hapo kilinitia shaka. Mteja aliingia, baba akasubiri kwanza asikie sauti ndipo asalimie. Nikampa chai, akapapasa meza kabla ya kushika kikombe. Nikajiambia ni uzee. Kisha nikajiambia, pima yaishe.

Nilikuwa na kipimo, tena kimo mle mle dukani. Walipokuwa vijana, baba na rafiki yake walikuwa wakienda kutazama sinema katika uwanja wa shule, lilipokuja gari la sinema wakati wa kiangazi. Gari lile kila lilipokuja lilileta filamu ile ile ya kachoboi, wale wachunga ng'ombe wa Kizungu wenye bastola. Nadhani hawakuwa na nyingine. Wakaitazama mpaka wakaikariri, milio ya bastola na miluzi na yote, ingawa Kiingereza chake hawakukijua. Utoto wangu wote nimeisikia filamu hiyo kutoka kinywani mwa baba. Mwaka huu nikaipata mtandaoni, rangi zimefifia kama kanga ya kudekia, nikaihifadhi ili nimshangaze siku moja.

Ni filamu ya watu wasio na hela. Mlango ukifungwa, ukuta wa nyumba unatikisika. Steringi, yule shujaa mwenyewe, anapiga risasi kumi na moja kwa bastola moja bila kuijaza. Na ng'ombe wake wanapita mbele, wanazunguka kilima, wanapita tena, kundi lile lile, ili tuamini ni wengi. Watu wengine wasingegundua. Lakini huwezi kumwonyesha Mgogo kama baba ng'ombe yule yule mara tatu ukamwambia ni watatu. Baba na mwenzake waliwagundua siku ya kwanza, na tangu siku hiyo walibishana idadi yao. Baba alisema ni kumi na wawili. Rafiki yake alisema ni tisa. Walibishana harusini, walibishana msibani, na kila mmoja alimwita mwenzake kipofu.

Steringi mwenyewe baba alimpenda kwa kupanda farasi, akamchukia kwa jambo moja. Anapotelewa na ndama, anamtuhumu rafiki yake, watu wa mji wanamfukuza rafiki jangwani kwa miguu. Baadaye steringi anamkuta ndama huyo, amekufa, amenasa korongoni. Anatazama huku na huku. Anamfukia kwa mawe, anapanda farasi wake na hasemi neno mpaka filamu inakwisha na muziki wa ushindi. "Mwanamume mzima," baba alikuwa akituambia, "akanyamaza." Kisha baba alikuwa akitema mate pembeni.

Mchana ule nikamwekea filamu kwenye ile televisheni yangu ya zamani, yenye mgongo mnene. Muziki ulipoanza, baba aliinuka kitini. Alicheka vile ambavyo sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama afariki.

"Haya, baba, ng'ombe hao wanakuja," nikasema.

"Nawaona! Tazama, yule mweusi mwenye mkia mweupe anaongoza. Nyuma yake yule wa madoa. Sasa wanazunguka... hao, wanarudi! Yule mweusi tena! Wazungu matapeli hawa!"

Mweusi alikuwa anaongoza kweli, na wa madoa alimfuata. Nikapumua. Nikatoka nje na simu yangu na nikampigia yule mzee. Maneno niliyomwambia naona aibu kuyaandika. Nilimwambia baba yangu anaona kuliko yeye, na kwamba mwizi hupenda watu wote wawe vipofu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, mwanangu," akakata yeye.

Jumanne asubuhi baba akaiomba filamu tena. Nikaiweka, nikaanza kufagia. Ile televisheni ina kawaida yake, ikipata joto picha inakufa, sauti inabaki, mpaka uipige kofi ubavuni. Ng'ombe walikuwa hawajatokea bado. Picha ikafa. Kioo kikawa cheusi, mluzi wa wachungaji ukasikika, nikainua mkono niipige.

"Hao!" baba akasema. "Tazama, yule mweusi anaongoza."

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Nyuma yake wa madoa. Sasa wanazunguka." Aliinua kidole, akakielekeza kwenye kioo kile cheusi, akakisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. "Wanarudi hao. Matapeli!"

Niliogopa. Sijui neno jingine. Niliogopa kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina mtu. Nikapunguza sauti mpaka mwisho.

"Baba," nikasema. "Sasa steringi anafanya nini?"

"Anashuka kwenye farasi."

"Televisheni imezima, baba. Imezima muda mrefu."

Pikipiki zikapita nje, mtu akauliza kama nina chaja ya simu ndogo, nikamwambia sina, na ninazo.

"Umenipima," baba akasema mwishowe. "Mwanangu wa kumzaa umenipima kama ndama wa mnadani."

"Kesho utasema nini barazani?"

"Nitasema nilichokisema."

"Huoni, baba! Yule mzee..."

"Nyamaza!" Alipiga fimbo sakafuni, makopo ya soda yakalia ndani ya friji. "Unataka niwe nani kesho? Kipofu aliyemsingizia mwenzake? Mimi? Nikishasema sioni, nani atanipa hata mbuzi nimchunge?"

Siku nzima hatukusemezana. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe kwa simu ile ya matusi.

Jumatano tukawa mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano wa mbolea. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bendera, mwekundu, paji jeupe, kengele shingoni. Mimi nilimtazama nikashindwa kusema ni wetu au si wetu. Yule mzee alisimama kando yake amevua kofia. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nyuma yake walikaa wanawe wawili na mkewe, na mkewe alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Njia nzima nilikuwa nimejiuliza, nimwaibishe baba yangu mbele ya watu, au ninyamaze mtu mwema afukuzwe? Nilifika bila jibu.

Mwenyekiti akaeleza shauri kwa kifupi. "Mzee huyu," akasema, akimwonyesha baba, "anajua ng'ombe kuliko sisi sote. Hatuna haja ya mashahidi. Mzee, sogea umtazame. Akiwa wako, sema."

Baba akasogea akiifuata fimbo yake. Akaweka mkono shingoni mwa mtamba, kengele ikalia. Akainama, akamtazama usoni kwa muda mrefu, na watu wote wakangoja kwa heshima. Mimi pekee, na yule mzee, tulijua kwamba hatazami kitu. Baba akainua kichwa. Nikaona kidevu chake kimekaza, nikajua neno linalokuja.

Nikasimama.

"Baba," nikasema. "Steringi alipomkuta ndama korongoni, alifanya nini?"

Watu wakageuka. Kuna waliocheka. "Binti," mwenyekiti akasema, "hapa ni barazani, siyo kwenye kibanda cha video. Kaa chini."

Sikukaa. Yule mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama baba. Katika umati ule wote, ni yeye tu aliyelielewa swali langu.

Mkono wa baba ulikuwa bado shingoni mwa mtamba. Ng'ombe akatikisa kichwa kufukuza nzi, kengele ikalia tena.

"Alinyamaza," baba akasema.

"Mzee, tunangoja jibu la ng'ombe," mwenyekiti akasema.

Baba akamwachia mtamba. Akavua kofia yake.

"Sioni," akasema.

Hakuna aliyeelewa mara moja, ikabidi aseme tena, kwa sauti, kama anayemkaripia mtu.

"Sioni! Tangu mvua za mwaka juzi sioni. Lamboni nilisikia kengele, nikasema nimemwona. Sikumwona. Hata huyu simwoni. Huyu mtu hajaniibia kitu."

Nilitegemea yule mzee aje amshike mkono. Kwenye filamu ingekuwa hivyo. Hakuja. Alifungua kamba ya mtamba wake pale kwenye nguzo, akampitia baba karibu kabisa, akaondoka na mkewe na wanawe bila kugeuka. Baba aligeuza kichwa kuufuata mlio wa kengele mpaka ukapotea. Mtamba wetu hajaonekana mpaka leo.

Wazee wale hawakusalimiana tena. Nilimpigia yule mzee kuomba radhi, akanisamehe mimi, lakini nilipomtaja baba alisema ana kazi zizini. Baba nikampeleka hospitali, ikaonekana ni mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza. Miezi miwili baadaye alikuja tena Chang'ombe. Akaniambia nimebana nywele vibaya, nikajua anaona.

Akaomba filamu. Nilikuwa nimenunua televisheni mpya, ya bapa, basi nikamkalisha karibu. Muziki ulipoanza hakucheka. Ng'ombe wakatokea. Baba alisogeza uso, fimbo yake ikawa inagonga sakafu taratibu, moja, mbili, tatu. Ng'ombe wakazunguka kilima.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akahesabu upya. Akaniambia nirudishe tena, na safari hii nilihesabu naye kimoyomoyo.

"Mpigie," akasema.

"Nani?"

"Unamjua. Mwambie ni tisa."

Nikapiga. Iliita mpaka nikadhani hapokei. "Shikamoo baba mdogo," nikasema. "Baba anasema ni tisa."

Upande wa pili nilisikia ng'ombe kwa mbali, na kengele.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe. Amehesabu mara tatu."

Akakohoa. Baba alikuwa ameshikilia fimbo kwa mikono miwili, ananitazama mdomoni.

"Mpe simu," yule mzee akasema.